Nani katika nyumba yenu anapumua kwa umeme?

Leo siandiki juu ya mapigano wala bei ya makala sokoni. Naandika juu ya swali moja ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa, ijapokuwa nimefuata mara nyingi kazi ya kuandikisha waliohama, kule Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo. Wenye kuandikisha wanauliza majina, kijiji mlichotoka, idadi ya watu. Wanauliza kama kuna mama mjamzito, mzee, yatima, mlemavu. Ni maswali mazuri. Lakini hakuna anayeuliza: nani katika nyumba yenu anapumua kwa umeme?

Nauliza kwa sababu kwetu yuko mmoja. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, kijana wa miaka 16. Jina lake sitaliandika, maana alinikubalia nieleze habari hii kwa sharti hilo. Mchana anapumua mwenyewe, anasoma, anasikiliza mpira kwenye redio na kubishana na kila mtu juu ya timu ya taifa. Usiku anavaa maski puani, na mashine ndogo, kama ukubwa wa redio ya mezani, inamsukumia hewa mpaka asubuhi. Mashine hiyo inakula umeme. Na umeme wa kwetu mnajua habari zake.

Ugonjwa wake unaitwa Duchenne, kwa jina la daktari Mfaransa wa karne ya 19 aliyeueleza. Ni ugonjwa wa misuli, yaani zile nyama zinazovuta mifupa na kutufanya tutembee. Mwili wa mtoto unakosa protini moja inayolinda misuli, basi kila mwaka misuli inaharibika kidogo kidogo na hairudi. Unashika karibu watoto wa kiume peke yao; waganga wanakadiria mtoto mmoja kati ya wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kulala naye mkeka mmoja.

Mwanzoni wazazi wanaona mtoto anaanguka ovyo. Hawezi kukimbia kama wenzake. Akitaka kusimama kutoka chini, anajishika magoti, kisha mapaja, anajipandia mwenyewe kama mtu anayepanda mti. Ndama za miguu yake ni nene, na watu wanamsifu kwamba ana nguvu, kumbe sizo nguvu. Wengi hawawezi tena kutembea kabla ya kufika miaka 13 hivi. Halafu, polepole, ugonjwa unafikia misuli ya kupumua, na moyo pia.

Hapo ndipo watu wengi hawaelewi, hata baadhi ya wauguzi. Mapafu ya mtoto huyu siyo mabovu. Kinachochoka ni pampu: misuli ya mbavu, na ule ukuta wa nyama ulio kati ya kifua na tumbo. Mchana, akiwa macho, anajikaza. Usiku, usingizi ukimlegeza, pampu haivuti vya kutosha. Hewa nzuri inaingia kidogo, na hewa chafu ambayo tunapaswa kuitoa inabaki ndani. Ndiyo maana dalili za kwanza zinakuja asubuhi: mtoto anaamka na kichwa kinamuuma, amechoka kuliko alivyolala. Anaota ndoto mbaya, anaomba kugeuzwa mara nyingi usiku. Anasinzia darasani. Hamu ya chakula inapungua. Sauti inakuwa ndogo, anakata maneno katikati ili avute pumzi. Akikohoa, kikohozi hakina nguvu, makohozi yanabaki kifuani, na mafua ya kawaida yanakuwa nimonia.

Yako magonjwa mengine ya jamii hiyo. Liko lile linalokausha neva za uti wa mgongo kwa watoto wachanga, mtoto analegea kama kitambaa na hawezi kushika kichwa. Tangu 2016 kuna dawa mpya za ugonjwa huo, na moja kati yake ilitangazwa Marekani kwa bei inayozidi dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Iko pia polio, ambayo hapa Congo bado hatujamalizana nayo, kwa maana virusi vinavyotokana na chanjo vinazunguka pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Kwa hiyo sikieni vizuri: mtoto aliyekuwa mzima, mguu au mkono ukalegea kwa ghafla ndani ya siku chache, huyo msimngojee. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, ili choo chake kichukuliwe kipimwe mapema, kabla siku 14 hazijapita.

Kwetu, ugonjwa huu ulikuwa na jina lingine kwa muda mrefu. Mama yetu alikuwa na kaka wawili. Wote wawili waliacha kutembea wakiwa wadogo, wote wawili walikufa kabla ya kuota ndevu. Wazee wakasema ni kulogwa. Wengine wakasema ni karuho, kwamba jirani aliwawekea sumu kwa sababu ya shamba. Ukoo mbili zikaacha kusalimiana. Mtoto wa dada yangu alipoanza kuanguka, maneno yale yale yakarudi, safari hii yakamwangukia dada yangu mwenyewe. Mama mkwe wake alimwambia mbele ya watu: "Ni wewe ulileta kitu hiki katika nyumba yetu."

Daktari ndiye aliyetuketisha na kutueleza. Ugonjwa unapita katika damu ya mama bila mama mwenyewe kuugua. Mama anayeubeba, kila mtoto wake wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata, na kila binti ana nafasi nusu kwa nusu ya kuubeba. Na karibu theluthi moja ya watoto wagonjwa, mama zao hawaubebi kabisa. Kosa dogo limetokea lenyewe mtoto alipokuwa anaanza kuumbwa. Hakuna mtu aliyefanya neno baya. Hakuna jirani wa kuchomewa nyumba. Dada yangu aliposikia hayo alilia, siyo kwa huzuni peke yake. Alikuwa amejibeba mashtaka kwa miaka saba.

Mimi pia nina mtoto wa kiume, na damu yangu na ya dada yangu ni moja. Kwa hiyo nilimpeleka maabara akapimwa damu, kipimo kinachoitwa CPK. Misuli ikiwa inaharibika, kipimo hicho kinapanda mara nyingi sana kuliko kawaida, hata kabla mtoto hajaonyesha dalili. Cha kwangu kilitoka sawa. Siku ile sikujua nifurahi vipi mbele ya dada yangu. Yeye ndiye aliyenishika mkono akasema: "Furahi, mudogo wangu. Mungu asifiwe kwa huyu mmoja." Nawaambia wanawake wenye kaka au wajomba waliokufa kwa namna hii: ombeni kipimo hicho. Ni damu kidogo tu, na maabara za miji mikubwa zinakijua.

Dawa ya kuuponya ugonjwa hatuna. Viko vidonge, prednisone na jamaa zake, vinavyosaidia mtoto kutembea miaka zaidi na kulinda kifua, chini ya uangalizi wa daktari. Hapa nawaonya waliohama: mtoto aliyemeza vidonge hivyo kwa muda mrefu, visikatwe ghafla. Mwili unakuwa umeacha kutengeneza cha kwake, na kukata ghafla kunaweza kumwangusha. Siku ya kukimbia, vidonge viingie mfukoni kabla ya sufuria.

Kitu kilichoongeza maisha ya watoto hawa kuliko vyote ni hewa ya usiku. Waganga wa Newcastle, Uingereza, waliangalia vitabu vyao vya miaka mingi na kutoa hesabu mwaka 2002. Katika miaka ya 1960 wagonjwa wao wa Duchenne walikufa, kwa wastani, wakiwa na miaka 14 na kidogo. Waliopata mashine ya kupumulia kuanzia 1990 walifika wastani wa miaka 25. Leo, katika nchi zenye huduma kamili, wengi wanapita 30. Tofauti hiyo haikutokana na hospitali kubwa. Imetokana na mashine inayokaa pembeni ya kitanda, nyumbani, na mtu wa familia aliyefundishwa kuivalisha.

Mashine ya kijana wetu ilitoka Ubelgiji, imetumika kabla, ikaletwa na ndugu mmoja wa shemeji yangu ndani ya sanduku la nguo. Daktari wa hapa, na mwenzake wa kule kwa simu, walipanga nguvu ya hewa. Haikukata shingo wala kuingiza mpira kooni. Ni maski tu. Wiki ya kwanza aliichukia. Alisema ni kama kutoa kichwa dirishani gari likienda kasi. Tulianza na dakika kumi mchana, akiwa anasikiliza redio, halafu nusu saa, halafu usiku. Wiki ya tatu aliamka asubuhi akaomba chai na mandazi. Tangu miezi hakuwa ameomba chakula asubuhi. Maumivu ya kichwa yakaondoka. Shuleni alama zikapanda, maana hakuwa anasinzia tena.

Nawaambia pia wanaopokea mashine zilizotumika: angalieni jina la kampuni na namba ya mashine, mwombe aliyewaletea atafute kama haikuitwa irudishwe. Mwaka 2021 kampuni moja kubwa iliita mamilioni ya mashine zake kwa sababu sponji iliyo ndani ilikuwa inavunjika na vumbi lake kuingia katika hewa. Chujio lisafishwe au libadilishwe. Na hapa kwetu, na vumbi hili la mawe ya volkeno, ni kila wiki. Maski ioshwe kwa maji na sabuni laini. Moshi wa makala usikaribie chumba.

Sasa tufike kwenye umeme. Mashine kama hii, ukizima kile kichombo cha kuchemshia maji ya unyevu, inatumia wati 40 hivi. Usiku wa saa tisa ni kama wati-saa 360. Betri ya gari ya volti 12, ampea 100, kwa karatasi ina wati-saa 1,200, lakini betri za namna hii ukizimaliza zaidi ya nusu zinakufa haraka. Toa pia kinachopotea katika kifaa cha kugeuza umeme. Kwa hiyo betri moja nzuri ni usiku mmoja kamili na kipande cha usiku wa pili. Paneli ya jua ya wati 150 inaweza kuirudishia, kama mbingu ni safi. Hesabu hii kijana wetu anaijua kuliko mimi. Kila jioni anauliza: "Mama mudogo, betri iko na ngapi?" Watoto wengine wanauliza chakula ni nini.

Januari 2025 vita vilipofika mjini Goma, nyaya zilikatwa na mji ukakaa siku kadhaa bila umeme, na bila maji ya bomba kwa sababu pampu zinataka umeme. Wakati ule dada yangu na wanawe walikuwa kwangu. Vita vilikuwa vimewatoa Sake mwaka mmoja kabla. Walipita Bulengo, na kwa kuwa ndani ya hema hakuna mahali pa kuchomeka mashine, nikawaita kwangu. Usiku wa kwanza betri ilitosha. Usiku wa pili, karibu saa tisa za alfajiri, mashine ililia ikazima. Milio ya silaha ilikuwa nje. Tulimkalisha kijana, tukamwegemeza kwa mito, maana akilala chali tumbo linasukuma kifua. Kisha dada yangu akachukua ule mpira wa kubana kwa mkono, ambao waganga wanauita ambu.

Mpira huo hauhitaji umeme wala chupa ya oksijeni. Ni wa kubana na kuachia, na hewa ya kawaida inaingia kwa maski. Tulikuwa tumefundishwa na kine, fundi wa mazoezi ya viungo, mwezi mmoja baada ya mashine kufika. Kijana anaanza kuvuta pumzi yake, wewe unabana pamoja naye, bila kupigana naye. Yeye ndiye anayeongoza. Akitaka kupumzishwa anainua kidole, akitosheka anakishusha. Dada alibana, mimi nikabana, binti yake wa miaka 12 akabana. Hivyo mpaka kukapambazuka. Kichwa kilimuuma siku nzima, lakini alikuwa nasi.

Siku hizo nilikumbuka jambo nililosoma. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulishambuliwa na polio. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache sana, na kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekwa ndani ya mashine, 27 walikufa. Mwezi wa Agosti daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alitaka msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho atobolewe koo, kisha akampa hewa kwa mkono, kwa kubana mfuko. Msichana akapona kifo. Basi wakaita wanafunzi wa udaktari, karibu 1,500 kwa ujumla, wakakaa kwa zamu pembeni ya vitanda wakibana mifuko usiku na mchana, kwa miezi. Huduma ya leo ya wagonjwa mahututi duniani ilizaliwa pale. Ilianza na mikono, kwa sababu mashine hazikutosha. Sisi huku siyo watu wa nyuma kwa kubana mpira.

Lakini mikono inachoka, na usiku wa tatu ulikuwa unakuja. Nyuma ya ukuta wetu wa mawe anakaa kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu. Ana betri mbili na paneli juu ya bati. Siku hizo simu ndiyo ilikuwa kila kitu, watu walikuwa tayari kulipa chochote wajue kama ndugu zao wako hai. Dada yangu alimwita kupitia ukuta. Alimweleza. Yule kijana hakujibu, aliondoka, nikafikiri amekataa. Baada ya dakika chache tukaona betri inapanda juu ya ukuta, imefungwa kamba, na yeye chini anasukuma. "Kamateni muzuri, iko na uzito," alisema. "Simu za watu zitangoja. Pumuzi haiwezi ngoja." Tukamrudishia ile iliyokwisha, akaichaji kwa jua la mchana, jioni zikabadilishana tena. Usiku mmoja mawingu yalifunga, ikabidi tuombe betri ya vipaza sauti ya kanisa, nayo ikaletwa kwa chukudu wakati milio imetulia. Hakuna aliyetuuliza kabila, wala tuko upande wa nani. Hivyo ndivyo alivyofika siku umeme uliporudi.

Nimeeleza haya kwa urefu ili muone kwamba mashine peke yake siyo huduma. Huduma ni mashine, betri, mikono iliyofundishwa, na jirani anayejua. Ukikosa kimoja, vingine vinashikilia kwa muda. Ukihama, unavipoteza vyote siku moja.

Mwezi wa Februari makambi mengi pembeni ya Goma yakabaki tupu, watu wakaanza kurudi walikotoka, wengine kwa kupenda, wengine kwa kukosa pa kwenda. Shemeji yangu alitaka kurudi Sake. Nilimwelewa: shamba lilikuwa linangoja, na mwanaume kula kwa dada wa mke wake mwaka mzima siyo jambo jepesi. Nyumba yao haikuwa na bati tena, wala waya. Mtu mwenye karatasi alikuja mtaani kuandikisha wanaorudi. Alipofika kwa kijana, aliuliza: "Anatembea?" Dada akajibu hapana. Akatia alama. Dada akangoja swali lingine, halikuja. Ndipo akasema: "Papa, mutoto wangu mutamurudisha wapi? Mashine yake nitaichomeka kwa nini, kwa muhogo?" Yule mtu hakuwa mbaya. Aliangalia karatasi yake juu na chini, akasema hakuna sehemu ya kuandika jambo hilo.

Tangu siku hiyo familia imegawanyika. Shemeji analima Sake na anakuja mwisho wa wiki akileta maharagwe na viazi. Dada na watoto wako kwangu, kilomita 25 kutoka kwake, kwa sababu ya waya mmoja ukutani. Kijana analijua hilo. Jioni moja aliniambia: "Mama mudogo, mimi ndiye nilitenganisha baba na mama." Nilimjibu kwamba vita ndivyo vilivyowatenganisha. Hakunijibu. Natamani angeandikwa kwenye karatasi ile, hata kama siku hiyo asingepewa kitu, ili ajue kwamba tatizo lake lina jina na siyo yeye.

Kwa wenye mtoto wa namna hii, na wengi hamna mashine, yako mambo ya kufanya tangu leo. Mlazeni kichwa na kifua vikiwa juu. Mgeuzeni usiku. Mwombeni kine awafundishe kumsaidia kukohoa: kumjaza hewa kwa ambu, kisha kusukuma chini ya mbavu wakati ule ule anapokohoa. Msijifundishe peke yenu, na msifanye akiwa ametoka kula. Mafua yakianza, msingoje siku tatu. Chanjo zote apewe, akiwa chini ya vidonge vya prednisone muulizeni daktari kwanza.

Na oksijeni. Kila mtu anapoona mtoto anahema anasema: mpeni oksijeni. Mtoto huyu akiwa na nimonia anaweza kuihitaji, msimkataze mganga. Lakini oksijeni siyo pampu. Inaweza kupandisha ile namba ya kwenye kidole, watu wakatulia, huku hewa chafu inajaa ndani na mtoto anasinzia asiamke. Mwambieni mganga maneno haya: "Ana ugonjwa wa misuli, anahitaji kusaidiwa kupumua, siyo oksijeni peke yake." Sisi tumeyaandika kwenye karatasi, tukaifunga ndani ya plastiki na kuitundika kwenye mashine: jina la ugonjwa, vidonge anavyomeza, namba za kupanga mashine, na simu mbili. Siku ya kukimbia, karatasi hiyo inaweza kusema hata kama mama hawezi.

Mwambieni pia mkubwa wa avenue na nyumbakumi. Najua wengi mnaficha watoto hawa, kwa aibu au kwa kuogopa wezi wa betri. Lakini jirani asiyejua hawezi kupitisha betri juu ya ukuta.

Itafika siku ambapo maski ya usiku haitatosha. Daktari ametuambia. Katika nchi nyingine wanatoboa koo na mashine inafanya kazi mchana na usiku, na familia inafundishwa kunyonya makohozi na kubadilisha mpira. Pale Cape Town, Afrika Kusini, hospitali ya watoto ya Red Cross imefundisha wazazi maskini wa mitaa ya mabati kuhudumia watoto wenye mpira kooni nyumbani kwao. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mama wa mtaani hawezi. Lakini kwetu, na betri hizi, tumeongea na kijana mwenyewe, akiwa na dada na shemeji. Alisema anataka usiku wake uwe mzuri, amalize shule ya sekondari, halafu ataongea nasi tena. Tumekubali. Kuna familia zitakazoamua vingine, na kuna zile ambazo mtoto wao ameondoka kabla hata hawajasikia jina la ugonjwa. Hao nao walimpenda mtoto wao, na wasihukumiwe na mtu.

Ombi langu ni kwa wanaoandikisha, wawe wa serikali, wa kanisa au wa mashirika, wawe upande huu wa mstari wa vita au ule. Ongezeni swali hilo kwenye karatasi zenu. Mtakayempata siyo mgonjwa wa Duchenne peke yake. Mtampata bibi mwenye mashine ya oksijeni, mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi, mtu aliyepigwa risasi ya shingo. Mkishajua wako wangapi na wako wapi, mnaweza kuwapa nyumba iliyo karibu na waya, mnaweza kupanga kibanda kimoja cha jua ambapo betri zao zinachajiwa kwanza, kabla ya simu. Mnaweza pia kumwambia shemeji yangu lini Sake itakuwa na mahali pa kuchomeka mashine. Swali lenyewe linaingia katika mstari mmoja.

Na ninyi mnaosoma, kama mtoto wa namna hii yuko kwenu, nendeni kituo cha afya kilicho karibu mkamwandikishe, hata kama hawajawaita. Wakiuliza mnataka nini, waambieni mnataka ajulikane.